Mguu wa Nne

Sijawahi kuwa mtu wa kukaa kitako. Hata sasa nikiketi mahali, kabla robo saa haijaisha nitakuwa nimeinuka mara tatu kwenda dirishani, na mke wangu huniuliza ninamngoja nani. Katikati ya miaka ya tisini hali ilikuwa mbaya zaidi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, diploma ya elektroniki iko kwenye bahasha ya kaki, na nilikuwa nikingoja kazi ya maana iniite. Ilipokawia kuniita, nikafundisha.

Chuo chenyewe kilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la hardware pale stendi ya Kawangware 56. Chumba cha kwanza kilikuwa cha kupiga taipu, cha pili cha ushonaji, cha tatu changu. Chini yetu walikata mabati mchana kutwa, na ng'ambo ya barabara saluni mbili zilishindana kwa redio. Nilipaza sauti kama mhubiri wa stendi na bado waliokaa nyuma walisema hawasikii. Mwenye chuo, mzee mpole, aliniambia siku ya kwanza kwamba kazi hii inataka subira. Nilimjibu, "Ndiyo, mzee," huku macho yangu yakiwa kwenye gazeti lililokuwa mezani pake, ukurasa wa nafasi za kazi.

Nilikaa Kibera, upande unaopakana na Ayany. Kila siku ya kazi nilivuka Ngong Road kwa miguu nikashika njia ya Kawangware, viatu vyangu vya usaili vikiwa ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu huwezi kujua barua itakuja siku gani. Nilituma maombi kila wiki. Nilituma kwa watu wa simu, watu wa stima ya umeme, watu wa ndege, hata kwa kiwanda cha biskuti kilichotaka mtu wa kutunza mashine. Wengi hawakujibu. Waliojibu waliniambia watanitafuta, nami nikaamini kila mmoja wao.

Somo langu lilikuwa sakiti za kidijitali, yaani zile sakiti zinazojua mambo mawili tu: stima ipo au haipo, moja au sifuri. Kutokana na hayo mawili unaweza kujenga kitu kinachohesabu, kinachokumbuka na kinachoamua. Nililipenda somo hilo, na nalipenda mpaka leo, na hilo ndilo linalonikera zaidi ninapokumbuka nilivyolifundisha.

Jambo moja nililifanya vizuri. Niliamini, na bado naamini, kwamba sakiti haifundishwi kwa chaki. Mwanafunzi lazima imchome vidole. Kwa hiyo tulijenga maabara, ingawa ukiiona ungecheka: meza mbili za mbao, jiko la makaa na koleo. Jamaa mmoja wa Nyayo Highrise aliyetengeneza kompyuta za maofisi alinipa gunia zima la bodi zilizokufa. Tulizishika kwa koleo juu ya jiko, uso ukiangalia chini, mpaka risasi ya kulehemu ilainike, kisha tukazigonga ukingoni mwa meza na chipu zikadondoka sakafuni. Wanafunzi waliziita mende, kwa sababu kila chipu ina mwili mweusi na miguu kumi na minne. Nusu zilikuwa hai, nusu zimekufa, na kujua ipi ni ipi ndilo lilikuwa somo la kwanza.

Waya tulizipata kwenye vipande vya kebo ya simu vilivyoachwa mitaroni na wachimbaji. Ukichuna ganda la nje, ndani unakuta nyuzi nyembamba za rangi zote. Stima ya mtaa ilikuja na kwenda ilivyotaka yenyewe, hivyo tulitumia betri za redio. Mende aligeuzwa chali juu ya kipande cha softboard, ubao laini wa karatasi, miguu ikaangalia juu, tukaichomelea waya moja moja. Mwishoni tuliweka taa nyekundu ndogo kama punje ya mahindi. Ikiwaka, jibu ni moja. Isipowaka, jibu ni sifuri, au umekosea.

Wanafunzi walikuwa watano. Wanne walikuwa vijana waliomaliza kidato cha nne bila kupata pa kwenda. Wa tano alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, mzaliwa wa magharibi, aliyekaa kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga nyuma ya stendi. Vijana walimwita Mathe, nami nilimwita mama, kama ilivyostahili kwa mtu aliyenizidi umri kiasi kile.

Mathe alikuwa mfagiaji katika karakana moja ya Industrial Area iliyounganisha redio na kengele za wezi. Kwa miaka tisa alifagia chini ya meza za mafundi, akiokota vipande vilivyoanguka na kuvirudisha juu, mpaka akajua kila kipande kinakaa wapi na kinafanya nini. Nyumbani alitengeneza redio za majirani kwa kisu cha jikoni na waya uliopashwa moto. Foremani, msimamizi wa mafundi, alikuwa amemwona. Alimwambia alete cheti, naye atamtoa kwenye ufagio amkalishe kwenye benchi la kurekebisha, kwa sababu fundi wa benchi hilo alikuwa anastaafu mwisho wa mwaka. Cheti kilidai karatasi mbili za kuandika na mtihani mmoja wa vitendo. Zile karatasi Mathe alikuwa amezipita. Ulibaki wa vitendo mwezi wa saba, na ukimshinda huo kulikuwa na wa marudio mwezi wa kumi na moja. Baada ya hapo benchi lingekwenda kwa mtu mwingine.

Alikuwa na kichwa chepesi kuliko changu. Siku moja nilikuwa nikieleza malango. Lango ni kipande cha chipu kinachopokea majibu na kutoa uamuzi: lango la "na" hutoa moja pale tu wote wanaoingia wanaposema moja, na lango la "au" hutoa moja hata akisema mmoja peke yake. Nilieleza mara tatu, vijana wakanitazama tu, nikapandwa na hasira nikarusha chaki dirishani. Mathe akainua mkono. Alisema sokoni akina mama wanne wanatumia stoo moja, na mlango unafungwa kwa mnyororo ambao kufuli zao zimeshikana, moja ndani ya nyingine. Yeyote akifungua yake, mnyororo unaachia. Hiyo si ndiyo "au"? Na kwenye ploti yao, bwana mmoja na mkewe wasioaminiana wametia kila mmoja kufuli yake kwenye mlango, mpaka zifunguliwe zote mbili ndipo uingie. Hiyo ndiyo "na". Vijana wakacheka, na somo likaingia. Mfano huo niliuiba, nikautumia miaka mingi kama wangu.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Sakiti iliyopendwa na watahini ilikuwa ya kura. Kuna swichi tatu, na taa iwake pale ambapo swichi mbili au zaidi zimekubaliana. Miaka ile kila mtu Nairobi alikuwa mtaalamu wa kura, kwa hiyo vijana waliifurahia na kuipa swichi kila moja jina la mgombea. Mwisho wa sakiti hiyo unahitaji lango moja la "na" la kukusanya majibu matatu ya malango ya "au". Lakini lango tulilokuwa nalo, na lililotumika kwenye mitihani, lilikuwa na miguu minne ya kupokelea. Mitatu ina kazi, wa nne hauna.

Kanuni inasema mguu usio na kazi usiachwe hewani. Uunge kwenye stima ya betri, ili ujue kwa hakika kwamba wenyewe ni moja. Ni waya mmoja tu. Lakini mende wetu wote walikuwa wa ukoo mkongwe, ambao namba yake huanza na saba nne, na ukoo huo una tabia ya kuhurumia wavivu: mguu usiounganishwa na kitu hujihesabu moja. Kwa hiyo niliwaambia wauache. Waya zetu zilikuwa chache, na mimi mwenyewe nilikuwa na haraka. Niliuita ujanja wa fundi. Vijana waliupenda ujanja huo mara moja.

Mathe aliinama juu ya bodi yake, akaugusa ule mguu kwa ncha ya kalamu.

"Sasa mwalimu, hii mguu haujaiambia kitu. Inajua aje ni moja?"

Nilikuwa najua jibu. Kulieleza kungechukua nusu saa, na ilikuwa saa nane na nusu Ijumaa, nami nilikuwa na barua ya kupeleka mjini kabla ofisi fulani haijafungwa. Nilikuwa nimesimama tayari, koti mkononi.

"Mama, mtihani hauulizi hiyo," nikamwambia. "Endelea."

Vijana walicheka. Yeye alitikisa kichwa polepole kukubali, akaandika kwenye daftari lake kwamba mguu wa nne unaachwa. Kuuliza si ujinga, sote tunasema hivyo, lakini mimi siku hiyo nilimfanya mtu aone kuuliza kwake ni ujinga. Nilifika mjini nikakuta ofisi imefungwa.

Mtihani ulifanyiwa chuo kikubwa upande mwingine wa mji. Walimu tuliambiwa tungoje kwenye baraza nje ya maabara. Wenzangu walikaa kwenye benchi wakazungumza siasa. Mimi nilipima baraza kwa hatua, kwenda na kurudi, mpaka mmoja akaniuliza kama nina mke hospitalini anayejifungua. Kisha msaidizi wa maabara akapita na sinia la chipu mpya, akasimama kando yangu kuuliza saa. Nikatupa jicho kwenye sinia. Namba zilianza na nne sifuri.

Ule ni ukoo mwingine kabisa. Hula stima kidogo mno, na ni mzuri sana, ila hauna huruma kwa mguu ulioachwa. Usipouambia kitu, unashika chochote kinachopita hewani: sasa ni moja, sasa hivi ni sifuri. Mkono wa mtu ukisogea karibu unabadilika. Nilimuuliza msaidizi kama wote watatumia hizo. Akasema wote, zimetoka stoo jana. Akaingia nazo, mlango ukafungwa.

Madirisha yalikuwa ya vioo vya kupangana, nusu wazi. Mathe alikuwa benchi la tatu, hatua nne kutoka niliposimama. Alimaliza wa kwanza. Kazi yake ilikuwa safi, waya zimelala sambamba, hakuna iliyopandana na nyingine. Akawasha swichi mbili na taa ikawaka. Akauinua mkono kumwita mtahini, na taa ikazima. Akaurudisha mkono kuangalia ni waya gani umelegea, na taa ikawaka.

Mtahini akaja, akainama, taa ikaanza kupepesa. "Toa mkono, mama," akasema, nami nilimsikia. Akautoa, ikazima. "Rudisha." Akaurudisha, ikapepesa. Mtahini akaandika kitu kwenye karatasi yake, akamwambia muda upo bado, ajaribu tena.

Mathe akaibomoa sakiti yote akaijenga upya, waya kwa waya, sawasawa na mwanzo, na mguu wa nne akauacha hewani kama nilivyomfundisha. Ikawa vilevile. Akafuta mikono kwenye sketi. Akaibomoa tena. Mara ya tatu alitoa leso akaviringisha vidole vyake, akashika waya kupitia kitambaa, kama mtu anayetoa sufuria motoni.

Mimi nilikuwa hatua nne. Neno moja lingetosha. Nilijiambia kwamba nikifungua mdomo wote watano watafutiwa mtihani, na hilo lilikuwa kweli. Lakini kulikuwa na kweli nyingine chini yake: mwenye chuo alikuwa ameniahidi barua ya kunisifu, na barua ya mwalimu aliyekamatwa akinong'ona dirishani haimpeleki mtu popote. Mathe aliinua macho akaniona. Nikageuka nikatazama ubao wa matangazo. Nilisoma tangazo la mechi ya mpira wa wavu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na mpaka leo nakumbuka ilikuwa saa ngapi.

Walipotoka, vijana wawili walikuwa na furaha. Walimchungulia jirani wa chuo kingine, wakaona ameunga mguu wa nne, nao wakaunga bila kujua kwa nini. Wawili wengine walikuwa wanalalamika.

"Ticha, hizo mende zilikuwa zimeungua," mmoja akasema. "Na cheki ya Mathe. Akiishika inawaka, akiachilia inazima. Huyu mathe ako na stima kwa mkono."

Wakacheka, na yeye pia akacheka kidogo, akiitazama mikono yake kwa mbele na kwa nyuma. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama inawezekana, kama kuna watu ambao mikono yao inaharibu hivi vitu. Jibu lilikuwa ulimini. Nilimwambia labda chipu zilikuwa na kasoro, tungoje matokeo. Sikusema hapana. Huo ndio uovu wangu, na sijautafutia jina zuri zaidi.

Matokeo yalikuja mwezi wa tisa. Wawili walipita, wawili wakaanguka, na Mathe akaanguka. Vijana walioanguka walitukana kidogo wakajiandikisha upya. Mathe hakurudi tena. Mmoja wa vijana hao alikuwa jirani yake kwenye ploti, naye ndiye aliyeniletea habari. Alisema Mathe amewaambia watu kwamba Mungu alimpa kila mtu mikono na kazi yake, na ya kwake ni ya ufagio. Redio za majirani amezirudisha bila kuzigusa. Hata redio yake mwenyewe, betri zikiisha, anamwita binti yake abadilishe. Foremani alikuwa amekataa kumwondoa kwenye orodha ya wanaotaka lile benchi, akasema atangoja aone kama jina lake litapelekwa kwa mtihani wa marudio. Majina yalikuwa yanafungwa Ijumaa, wiki mbili kutoka hapo.

"Amesema nikuambie umsamehe," kijana akamalizia. "Ati amekuangusha."

Jumatatu yake barua ikaja. Kampuni moja ya simu mjini Nakuru ilinitaka nianze kazi tarehe mosi. Ndiyo barua niliyoingoja miaka miwili, nikaisoma nimesimama mlangoni, nikairudisha kwenye bahasha, nikaitoa tena. Nilipaswa kuruka kwa furaha. Badala yake nilitoka nikatembea, kutoka Ayany hadi relini, kutoka relini kurudi Ayany, mchana kweupe, mpaka mama muuza mboga akaniuliza nimepoteza nini.

Nilikuwa nikipiga hesabu ya mtu mwoga. Nikienda Nakuru hakuna atakayejua. Mwalimu mwingine atakuja, atawafundisha wale wawili inavyofaa. Na Mathe amekwisha kukubali, ametulia, ya nini kumchokonoa? Hesabu hiyo ilikuwa nzuri, kila kitu kilikaa mahali pake isipokuwa ule msamaha. Wahenga husema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Wangu nilikuwa nimemdunga mtu mwingine, na yeye ndiye aliyekuwa akiniambia mimi pole. Nilijichukia. Nasema wazi, nilijichukia mpaka chakula kikanishinda.

Jumamosi nilishuka mjini, barabara ya Luthuli, nikanunua chipu mbili za ule ukoo wa nne sifuri, moja ya malango madogo na moja yenye lango la miguu minne. Nikajenga sakiti ya kura juu ya softboard, mguu wa nne nikauacha hewani. Jumapili mchana, walipokuwa wametoka kanisani, nikaenda kwenye ploti yao nikiwa nimeibeba kwa mikono miwili.

Nilimkuta uani na binti yake, wanachambua maharagwe kwenye ungo. Alisimama kunisalimu, akamtuma binti alete kiti na chai. Nilishindwa kukaa. Nilizunguka pale uani mpaka akaniambia, kwa upole, kwamba ninawatia wasiwasi. Basi nikaweka bodi juu ya kigoda mbele yake, na Mathe akarudisha kiti chake nyuma.

"Weka mbali na mimi, mwalimu. Isiharibike."

Nikawasha swichi mbili. Taa haikuwaka. Nikasogeza mkono wangu, nisiguse kitu, na ikawaka. Nikauondoa, ikazima. Nikamwita binti asogeze wake, ikawaka. Jirani aliyekuwa akianika nguo akaja kutazama, naye nikamwambia aweke mkono, ikapepesa mpaka akaruka nyuma akicheka. Mathe hakucheka. Alikuwa amesimama, maharagwe yakiwa bado kwenye kiganja.

Nikamwambia. Nilisema mikono yake haina shida yoyote. Shida ni mguu wa nne, hauna waya, na ni mimi niliyemwambia auache. Aliponiuliza mguu huo unajuaje kwamba ni moja, lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa katika chumba kile, nami nilimnyamazisha kwa sababu nilikuwa na haraka. Niliyasema hayo mbio mbio, kama mtu anayeshuka mlima. Kisha nikaishiwa.

"Leta waya," akasema.

Nilikuwa nimebeba kipande kimoja, cha njano. Akakaa, akakichuna ncha mbili kwa meno, akaunga mguu wa nne kwenye stima ya betri kwa vidole vyake mwenyewe. Taa ikawaka ikatulia. Akarudisha swichi moja chini, ikazima. Akaipandisha, ikawaka. Alizijaribu zote tatu kwa kila namna, bila kukosea mpangilio, huku binti yake amemshika bega.

Jina lake lilipelekwa siku ya pili yake. Aliniambia nisiondoke kabla sijawaeleza wale vijana wawili mbele yake, na niliwaeleza, na mmoja hakunisemesha tena. Nakuru niliandikia kuomba wiki mbili zaidi, wakanipa, na katika wiki hizo tulirudia kila sakiti tuliyowahi kujenga, tukitafuta kila mguu niliouacha. Ilikuwa mingi. Kisha nikaenda zangu. Mathe alipita mwezi wa kumi na moja na benchi akalipata, habari hizo nilizipata kwa barua ya mwenye chuo.

Lakini Jumapili ile, kabla sijaondoka uani, aliniuliza jambo moja zaidi. Aliuliza bila kuniangalia, akiitazama taa.

"Siku ya mtihani, ukiwa hapo kwa dirisha. Ulikuwa umejua?"

"Nilijua, mama."

Chai ilikuwa imekwisha poa. Binti akauchukua ungo akaingia ndani, kwa sababu watoto wa mtaa ule walijua wakati wa kukaa na wakati wa kuondoka.

"Tangu mwezi wa saba," Mathe akasema, "mimi naogopa mikono yangu."

Nikasema pole. Aliuweka mkono wake juu ya sakiti, karibu kabisa, akauondoa, akauweka tena, na taa haikutikisika.